Korongo Wasiomjua Mtunzaji Wao

Mazungumzo ya asubuhi katika redio
Masomo: Yeremia 8:7, Yohana 3:25-30

Najua wengine wenu mnasikiliza huku mkiwasha moto wa chai, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine mko kitandani kwa ugonjwa. Bwana awe pamoja nanyi hapo mlipo.

Asubuhi hii nataka tuzungumze habari za kazi moja ambayo mzazi akiisikia mara ya kwanza huenda akacheka, au hata akakasirika. Tuseme mtoto amefika chuo kikuu kwa jasho la jamaa nzima. Ng'ombe ameuzwa, harambee imefanywa, shangazi ametoa akiba yake ya chama. Kisha mtoto analeta habari nyumbani kwamba amepata nafasi ya mafunzo ya kazi huko Marekani, miezi mitatu ya majira yao ya joto. Watu wanamshukuru Mungu. Mama anauliza, "Utafanya kazi gani, mwanangu? Ya ofisini ama ya hospitali?" Naye anajibu, "Mama, nitalisha ndege."

Ndege! Si tunao hapa kwetu, na hakuna aliyewahi kupanda eropleni kwenda kuwalisha? Walakini, ndugu zangu, msimcheke mtoto huyo upesi. Nimesoma habari za kazi hiyo, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba inatuuliza sisi Wakristo maswali ambayo si mepesi.

Katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, kuna mji mdogo uitwao Baraboo. Mwaka 1973 vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, George Archibald na Ron Sauey, walianzisha hapo mahali pa kutunza korongo wa ulimwengu mzima. Jamaa ya Sauey iliwakodisha shamba lao la farasi kwa dola 1 kwa mwaka. Sisi tunalitumia neno korongo kwa ndege wengi wenye miguu mirefu, lakini mimi leo nasema habari za ukoo wa yule korongo wetu mwenye taji, mnayemwona mashambani na kando ya vinamasi. Duniani kuna aina 15 za korongo wa ukoo huo, na pale Baraboo zote 15 zipo. Kwa hiyo mwanafunzi wetu akifika huko, mbali na kwao, atamkuta korongo wa kwao akimtazama kwa taji lake la dhahabu.

Lakini taabu kubwa ya mahali hapo imekuwa juu ya korongo mmoja mweupe wa Amerika, ndege mrefu kuliko wote wa bara lile. Akisimama anafika karibu mita moja na nusu, kimo cha mtoto wa shule. Ni mweupe wote, ila ncha za mabawa ni nyeusi na utosi ni mwekundu. Watu waliwinda ndege hawa na kukausha vinamasi vyao hata mwaka 1941, walipohesabiwa, walikuwa ishirini na kitu tu ulimwenguni kote. Fikirini hesabu hiyo. Kwaya ya kanisa dogo ina waimbaji zaidi.

Korongo huyo kwa kawaida hutaga mayai mawili, lakini mara nyingi hukuza kifaranga mmoja tu. Basi wataalamu wakaona yai la pili linaweza kuokolewa. Tangu mwaka 1967 walianza kwenda Kanada, kwenye vinamasi vya mbuga ya Wood Buffalo, wakachukua yai moja katika viota vyenye mawili na kulipeleka kuanguliwa kwa mashine. Hapo ndipo shida nyingine ilipotokea, nayo ndiyo iliyonifanya niwaletee habari hii.

Kifaranga wa korongo akitoka yaini hajijui yeye ni nani. Katika siku zake za kwanza humtazama yule anayemlisha, na sura ile hupigwa chapa moyoni mwake. Akilishwa na korongo, atajua kwamba yeye ni korongo. Akilishwa na mtu, atadhani yeye ni mtu.

Mwaka huohuo wa 1967, katika bustani ya wanyama ya San Antonio huko Texas, alianguliwa kifaranga jike wakamwita Tex. Mkurugenzi wa bustani hiyo alimchukua akamlea nyumbani kwake, kwa nia njema kabisa, asije akafa. Tex akapona, akakua, akawa ndege mzuri wa kupendeza. Lakini hakutaka kabisa habari za korongo wenzake. Miaka mingi walijaribu kumwoza kwa madume, naye akawapa kisogo. Akiona mwanamume anapita, hapo ndipo aliposimama akaanza kucheza ile ngoma ambayo korongo huwachezea wachumba wao.

Mwaka 1976 akaletwa Baraboo. Yule George Archibald aliona njia moja tu ya kumpata mtoto kwa ndege huyu, nayo ilikuwa kwamba yeye mwenyewe akubali kuwa mchumba. Mtu mzima mwenye elimu ya juu akasimama uwanjani, akainama, akaruka, akapunga mikono kama mabawa, kusudi Tex afurahi na kutaga. Mwaka wa kwanza yai halikuwa na uhai. Mwaka uliofuata kifaranga alikufa katika kuanguliwa. Mwaka 1982 Archibald aliweka kibanda uwanjani na meza yake ya kazi, akakaa na ndege yule tangu alfajiri hata jioni kwa majuma kadhaa. Mbegu ya dume waliileta wataalamu. Tex akataga yai moja, na kifaranga akaanguliwa akiwa hai. Wakampa jina Gee Whiz. Muda si mrefu baadaye Tex aliuawa usiku na rakuni, mnyama mdogo wa huko mwenye mkia wa pete nyeusi. Gee Whiz aliishi miaka mingi, naye akawa baba wa korongo wengine.

Watu wengi wanapoisikia habari hii hucheka, na mimi nilicheka. Baadaye nikamhurumia Tex. Ndege mzima, mwenye mabawa, aliyeumbwa kuruka maelfu ya kilomita, aliishi maisha yake yote akimngojea mtu aje aruke naye. Na waliomfikisha hapo walimpenda.

Basi vijana wa Baraboo, katika miaka ya 1980, walitafuta njia nyingine ya kulea, na njia hiyo ndiyo anayofundishwa mwanafunzi anayekwenda huko leo. Kabla hajamkaribia kifaranga anavaa vazi jeupe pana linalomfunika tangu kichwani, lisiloonyesha mabega wala kiuno. Uso unafichwa nyuma ya kitambaa cha wavu. Mkono mmoja unaingizwa ndani ya kichwa cha korongo cha bandia, chenye mdomo mrefu, jicho na utosi mwekundu. Na tangu hapo ni marufuku kusema. Asiseme neno, asikohoe akiweza, asicheke, hata kifaranga afanye jambo la kuchekesha namna gani. Sauti inayosikika ni ya korongo wenyewe, iliyonaswa na kuchezwa katika kinanda kidogo alichokificha ndani ya vazi.

Kwa mdomo ule wa bandia anamfundisha kifaranga kunywa, akiuchovya majini na kuuinua matone yakianguka, hata mdogo naye achovye. Anamwonyesha mdudu. Anamtembeza kila siku, kwa maana miguu ya korongo hurefuka upesi sana na asipopata mazoezi hupinda. Anampeleka majini aogelee. Anamzoeza kinamasi, kwa kuwa korongo hulala amesimama majini ili adui akija usiku asikie maji yakichapwa. Jua la mwezi wa saba linawaka, mbu ni wengi, na ndani ya vazi lile jasho linamtiririka. Kifaranga anapochoka huja kulala karibu na vazi jeupe. Mwanafunzi angependa kumpapasa kwa mkono wake mwenyewe na kumwita kwa jina. Haruhusiwi. Kazi yake itakuwa imefaulu siku ambayo ndege huyu, akimwona mtu bila vazi, atakimbia.

Hebu tufikiri juu ya jambo hilo. Ni kazi gani nyingine duniani ambayo unamwomba Mungu yule uliyemlea asikujue?

Katika somo letu la Injili ya Yohana mlango wa tatu, wanafunzi wa Yohana Mbatizaji wanamjia mwalimu wao na malalamiko. Yule uliyemshuhudia ng'ambo ya Yordani, sasa anabatiza, na watu wote wanamwendea yeye. Walitazamia Yohana akasirike. Yeye akawajibu kwa mfano wa arusi. Bibi arusi ni wa bwana arusi, na rafiki aliyesimama kando hufurahi akisikia sauti ya bwana arusi. Kisha akasema kwamba imempasa yule mwingine kuongezeka na yeye kupungua. Yohana alikuwa amewaosha watu mtoni, amewafundisha kufunga na kusali, na sasa anawaangalia wakienda zao, naye anasema furaha yake imetimia.

Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba anamshukuru Mungu hakuwabatiza wengi wao, mtu asije akasema alibatizwa kwa jina la Paulo. Mtume anafurahi kwamba hawezi kudaiwa!

Sasa, tuseme ukweli sisi kwa sisi. Tunavyosaidia huku kwetu si hivyo. Mimi nimeketi katika harambee ambazo mtoaji alisubiri jina lake lisomwe kwa sauti kubwa, na liliposomwa vibaya akasimama kulisahihisha. Kuna mjomba aliyelipa karo ya mpwa wake miaka minne, na tangu siku ile kijana hawezi kuchagua kazi, wala mke, wala mahali pa kujenga, bila mjomba kukohoa. Kuna mhubiri ambaye watu wake wakiugua hawawezi kuomba mpaka yeye aje. Wanasema, "Tunamngoja mtumishi." Naye anasikia vizuri sana kungojewa. Kuna mama mkwe, kuna mwalimu mkuu, kuna mzee wa kanisa aliyeanzisha kwaya mwaka fulani, na mpaka leo wimbo haubadilishwi pasipo yeye. Wote hawa walifanya wema, wala sisemi hawakufanya. Walimlea Tex. Wamempa chakula na uhai, kisha wamemwachia moyo usioweza kuruka mahali walipo wenzake.

Bwana Yesu alipotufundisha juu ya sadaka katika Mathayo mlango wa sita, alitaka hata mkono wa kushoto usipate habari za mkono wa kulia. Tumezoea kulisoma neno hilo kama onyo juu ya kiburi cha mtoaji, na kweli ni onyo. Lakini mimi naona linamlinda mpokeaji pia. Yule aliyepokea mkate asioujua umetoka kwa nani, akiinua macho, hana pa kuyaelekeza isipokuwa juu.

Na tusidhani habari hizi ni za Wazungu na ndege wao tu. Korongo wetu mwenye taji tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi vinakaushwa kwa kilimo, nyaya za umeme zinamuua, sumu inamuua, na wengine huiba mayai na vifaranga wake. Nchini Rwanda watu wenye nafasi walikuwa wakimfuga katika bustani za nyumba na za hoteli, kwa kuwa ni ndege wa heshima, tena anahesabiwa kuwa ishara ya maisha marefu. Ili asiondoke walimkata mabawa. Daktari wa wanyama mmoja, Olivier Nsengimana, tangu mwaka 2014 aliwaomba wenye korongo wajitokeze na kuwatoa. Zaidi ya ndege 200 walitolewa bustanini. Wale walioweza kurejea porini walipelekwa mbuga ya Akagera wakajifunze tena kuruka na kuishi na wenzao. Wengine mabawa yao yalikuwa yameharibika kabisa, nao wakatengewa mahali pa kuishi huko Kigali, paitwapo Umusambi. Hesabu ya korongo wa porini nchini humo mwaka 2017 haikufika 500. Baadaye ikapita 1,000. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini nawafikiria sana wale wa Umusambi. Walikatwa mabawa na watu waliokuwa wakiwasifu uzuri wao kila asubuhi.

Nikiishia hapa nitakuwa nimewadanganya, maana habari ya vazi jeupe ina upande wa pili.

Yeremia anasema katika mlango wa nane kwamba ndege wa angani wanayajua majira yao, na korongo naye huangalia wakati wake wa kuja, lakini watu wa Mungu hawaijui hukumu ya Bwana wao. Wataalamu wamegundua jambo linaloongeza uzito wa maneno hayo. Korongo mweupe hazaliwi akiijua njia. Baridi ikikaribia hana budi kusafiri kwenda kusini, na njia hiyo huionyeshwa na wazazi wake, wakiruka pamoja naye safari ya kwanza. Wale wa Kanada huenda mpaka pwani ya Texas, karibu kilomita 4,000. Kifaranga aliyelelewa na vazi, nani atamwonyesha?

Wakajaribu kwa eropleni. Tangu mwaka 2001 marubani wa ndege ndogo sana zenye mabawa ya kitambaa, nao wakiwa wamevaa vazi jeupe, waliwaongoza korongo wachanga kutoka Necedah, huko huko Wisconsin, mpaka Florida, safari ya zaidi ya kilomita 1,900. Ndege wakafuata! Na majira yaliyofuata wakarudi wenyewe kaskazini bila kuonyeshwa. Watu walisimama kando ya barabara na kulia kwa furaha. Lakini walipokomaa na kuoana na kutaga, vifaranga waliofika ukubwani walikuwa wachache mno. Inzi weusi wadogo wanaouma waliwafukuza viotani mwezi wa tano, na wataalamu wengine wakaona kuna jambo zaidi, kwamba ndege hawa walikosa mafunzo ambayo vazi haliwezi kuyatoa. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba safari za eropleni zimekwisha. Vazi halikutupwa, lakini tangu hapo vifaranga wengi zaidi wamewekwa chini ya korongo wakubwa wenyewe walelewe nao, kisha waachiliwe karibu na wazee wanaoijua njia.

Kwa hiyo, baba unayenisikiliza ukiwa chumba cha kupanga mjini, hapa nakusemesha wewe. Kuna baba ambaye ni vazi. Kila mwezi pesa zinaingia kwa simu, karo inalipwa, unga haukosekani, na mimi sidharau hata kidogo jasho lililo nyuma ya pesa hizo. Lakini mtoto anaujua mdomo unaoleta chakula, haujui uso. Nani atamwonyesha namna mwanamume anavyoomba msamaha kwa mkewe? Nani atamwonyesha namna mtu anavyofiwa, namna anavyokataa rushwa, namna anavyopiga magoti? Hayo hayatumwi kwa simu. Korongo wa porini hutembea na mtoto wao karibu mwaka mzima, hatua kwa hatua kinamasini, na ni baada ya kumwonyesha njia yote ndipo humsukuma akaishi mwenyewe. Wanajua kukaa, tena wanajua kuachilia. Wengi wetu tunalijua moja tu katika hayo mawili.

Sasa niseme neno moja juu ya Mwokozi wetu, kisha nimalize. Ni rahisi sana mhubiri kuchukua habari hii ya vazi na kusema, "Hivyo ndivyo Mungu alivyofanya, alitaka kutufikia sisi, akavaa mwili kama mwanafunzi yule anavyovaa vazi la korongo." Ni mfano wa kupendeza, na utawafaa watoto wa shule ya Jumapili kwa dakika moja. Mimi siukubali. Mwanafunzi yule anavaa ili asijulikane. Jioni inapofika anavua, anatundika vazi ukutani, anakwenda kula chakula chake na kucheka na wenzake. Hajawa korongo hata kwa saa moja. Wakati wa mitume walikuwako waalimu waliosema hivyo hivyo juu ya Yesu, kwamba mwili wake ulikuwa sura tu, na Yohana katika waraka wake wa kwanza aliwapinga vikali. Yohana anasema walimsikia, walimwona kwa macho, na mikono yao ilimpapasa. Mwokozi wetu alichoka kweli, alilia kweli, na damu yake ilikuwa damu. Siku ya tatu hakuuacha mwili ule kaburini kama vazi lililokwisha kazi. Alikuja nao mbele ya Tomaso, na alama za misumari zikiwamo.

Tena alikuja kusudi ajulikane. Mimi na wewe inatupasa kufichwa katika wema wetu kwa sababu mtu tunayemsaidia si wetu. Ana kwao, na sisi tukisimama mlangoni tunamzuilia. Lakini yeye akimjua Kristo ndipo amefika kwao. Ndiyo maana Bwana hakuona haya kumwambia Filipo kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Yohana Mbatizaji hangaliweza kusema hivyo, wala Paulo, wala mchungaji wako, wala mimi ninayesema katika redio hii na wewe hujaniona uso.

Mwezi wa nane ukiisha, mwanafunzi anarudisha vazi na kupanda eropleni kurudi masomoni. Vifaranga wake wakati huo wameanza kuruka, rangi yao bado imechanganyika hudhurungi na nyeupe. Huachiliwa porini wakati wa majani kuanguka, miezi ya tisa na ya kumi, na siku hiyo yeye yuko darasani nchi nyingine, huenda anafanya mtihani. Nyumbani mama anamwuliza kama ana picha aliyopigwa na ndege wake. Anayo moja. Ndani yake kuna vazi jeupe lisilo na uso, na kifaranga mmoja miguuni.

Tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, tunawataja mbele zako vijana wetu walio mbali kwa masomo na kazi, hasa wale ambao kazi yao nyumbani haijaeleweka. Wakumbuke waliotulea nasi hatukuwajua, aliyelipa karo na jina halikusomwa, na mwanamke aliyetuombea tukiwa wadogo akafa kabla hatujamshukuru. Yule anayemshika mtu leo kwa kamba ya fadhila, umpe mkono wa kuifungua. Na baba ambaye watoto wake wanaijua namba yake ya simu kuliko uso wake, Bwana, mpatie nauli na ruhusa ya kwenda nyumbani mwezi huu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.